Hewa Iliyofungiwa Kati ya Bati na Dari: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaoezeka kwa bati huamini kwamba dari ya jipsamu ikishapigwa, joto la paa limekwisha. Sivyo. Bati linalochomwa na jua la saa saba mchana, Dar es Salaam au Mombasa, huweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi na kuzidi. Joto hilo huipasha hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo isipokuwa na pa kutokea, dari nayo hushika moto wake na kuendelea kuwafukuta waliolala hata baada ya jua kuzama. Madirisha makubwa hayaondoi tatizo hili, kwa kuwa yanapitisha hewa ya chumba tu.

Wapo wanaodhani kwamba tundu moja juu ya ukuta linatosha. Hewa ya moto hupanda, lakini haitoki vizuri pasipo nyingine kuingia mahali pake. Kwa hiyo yatakiwa matundu ya chini, kwenye upenu, na ya juu, karibu na kofia ya paa, yaani kileleni mwake, yenye ukubwa unaokaribiana. Kanuni ya kawaida ya ujenzi nchini Marekani ni eneo wazi lisilopungua sehemu moja kwa 150 ya eneo la dari: dari ya meta 90 za mraba huhitaji sentimeta za mraba 6,000. Ni kweli pia kwamba matundu peke yake hayalizuii bati kumulika joto lake chini. Kulipaka rangi isiyokoza husaidia hapo.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ya nyanda za juu, kwamba Njombe au Limuru kuna baridi, hivyo matundu ya paa ni mambo ya watu wa pwani. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, na mvuke uliopanda kutoka jikoni, bafuni na katika pumzi za watu hugeuka matone upande wake wa ndani. Alfajiri matone hudondokea dari, na mwenye nyumba humwita fundi azibe tundu ambalo halipo. Madoa yakitokea hata kiangazi, misumari ikishika kutu kwa ndani na kenchi, yaani mbao zinazolibeba paa, zikiota ukungu, uchunguzi uanzie kwenye unyevu uliokosa njia, kabla ya kulaumu bati. Mbao zikiachwa hivyo miaka mingi huoza.

Hofu ya popo na mvua ina msingi, ila dawa yake si kuziba. Matundu yaliyo chini ya upenu hukingwa na paa lenyewe, na wavu wa chuma huwazuia popo na ndege. Nyaya za wavu huo nazo hula nafasi ya hewa, kwa hiyo tundu likatwe kubwa kuliko hesabu, na vumbi lifutwe kila mwaka.