Kireno cha Msafiri: Usijifunze Swali Bila Jibu Lake

Orodha za maneno ya lazima ya Kireno zimejaa mtandaoni, na nyingi hazina kosa. Bom dia (habari za asubuhi), obrigado (asante), por favor (tafadhali), quanto custa (bei gani). Kasoro yake ni kwamba zinakufundisha kusema, hazikufundishi kusikia. Nafundisha Kireno kwa watu wanaosafiri, na wanaporudi ni nadra kumsikia mmoja akisema alikosa la kusema. Wanachosema ni kwamba walitamka vizuri, wakaeleweka, wakajibiwa, kisha wakabaki wameduwaa.

Chukua maji ya kunywa. Umeketi mgahawani Lisbon, unamwambia mhudumu: Queria uma água, se faz favor, yaani ningependa maji, tafadhali. Safi kabisa. Naye, macho yakiwa kwenye kidaftari chake, anauliza: Com ou sem gás? Ukijibu sem gás, linafuata la pili: Fresca ou natural? Hapo ndipo wengi huitikia sim, yaani ndiyo, kwa swali ambalo halijibiki kwa ndiyo. Com ni "yenye", sem ni "bila", fresca ni ya baridi, natural ni ambayo haikuwekwa kwenye friji. Maneno manne tu, lakini orodha nyingi hazina hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho. Mhudumu akirudi anaweza kuweka mezani mkate, zeituni na jibini ambavyo hukuagiza. Hivyo huitwa couvert. Usipovigusa hulipi, ukivila vinaingia kwenye bili. Kama huvitaki, sema mapema: Não queremos o couvert, obrigado.

Brazili nako kuna maswali yake. Unaingia dukani, muuzaji anakutazama kwa tabasamu na kusema: Pois não? Mgeni akisikia não anadhani amefukuzwa, kumbe ameambiwa "karibu, nikusaidie nini?" Ukifika kwa keshia unaulizwa CPF na nota?, yaani kama unataka namba yako ya mlipakodi iandikwe kwenye risiti. Huna namba hiyo, kwa hiyo jibu ni não, obrigado, basi. Ureno swali hilo lina ndugu yake, huwa linataja contribuinte, na jibu lake ni lilelile. Ukilipa kwa kadi Brazili utasikia débito ou crédito? Na ukiagiza chakula utaulizwa É para viagem? Anayejua boa viagem, "safari njema", hujibu kwa furaha kwamba ndiyo, yuko safarini, na chakula chake kinafungwa kwenye kasha aende nacho. Para viagem ni chakula cha kubeba. Ureno wao husema para levar.

Kwa hiyo darasani kwangu sentensi haihesabiki kuwa imejifunzwa mpaka mwanafunzi ajue majibu mawili au matatu yanayoifuata mara nyingi. Matokeo yake ni kwamba tunajifunza sentensi chache. Nina viunzi sita ninavyovitegemea: Queria... (ningependa), Tem...? (mna...?), Onde fica...? (iko wapi?), Quanto é? (ni kiasi gani?), A que horas...? (saa ngapi?) na Posso...? (naweza?). Humo unachomeka nomino au kitenzi unachokihitaji, na safari ya wiki mbili inakwenda. Mtu aliyekariri sentensi mia moja nzimanzima hutafuta ile anayoitaka kama mtu anayepekua begi huku basi linaondoka.

Kiunzi cha njia ndicho chenye mtego mbaya kuliko vyote. Umeuliza Onde fica a estação?, stesheni iko wapi. Unajibiwa à direita, kulia. Au unajibiwa direto, hasa Brazili, na maana yake ni moja kwa moja mbele. Ureno unaweza kusikia sempre a direito, nayo ni mbele vilevile. Kwa sikio geni maneno haya matatu ni mapacha. Sikiliza mwisho wake: direita, yenye ta, ndiyo kulia, direto na a direito, zenye to, ni kunyooka. Na tazama mkono wa anayekuelekeza, maana ni watu wachache wanaoelekeza njia wakiwa wamekunja mikono.

Amua mapema unakwenda wapi. Kireno ni lugha rasmi Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji, Cape Verde, Guinea-Bissau, São Tomé na Príncipe, na Timor ya Mashariki, lakini maneno ya barabarani hayafanani. Treni ni comboio Ureno, Brazili ni trem. Basi ni autocarro Ureno, ônibus Brazili, na Maputo au Luanda utasikia machimbombo. Daladala za Msumbiji zinaitwa chapa, za Luanda candongueiro. Choo ni casa de banho Ureno na Msumbiji, banheiro Brazili. Kifungua kinywa ni pequeno-almoço Ureno, café da manhã Brazili, na kwa Mwangola au Mmsumbiji ni matabicho. Kwa jumla, shule za Maputo na Luanda hufuata Kireno cha Ureno, kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Brazili hakitakukwamisha huko, ila kitakuacha na maneno ambayo hakuna anayeyatumia. Na yapo ya kuepuka kabisa: rapariga ni msichana tu Ureno, Brazili ni tusi kwa mwanamke.

Sasa matamshi. Msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa ambao wengine hawana. Nh ni ny yetu, kwa hiyo vinho ni "vinyu" na amanhã (kesho) haikupi shida mpaka kwenye irabu ya mwisho. Ch ni sh. J ni sh ya ghuna, yaani sh inayotoka pamoja na mtetemo wa koo. H mwanzoni mwa neno haitamkwi, ndiyo maana hotel inaanza na o. R ya mwanzo wa neno, Lisbon, iko karibu na gh ya anayetamka "ghali" sawasawa. Rio de Janeiro wao hukaribia h au kh. O ya mwisho isiyo na mkazo huwa u, kwa hiyo obrigado ni "obrigadu".

Mkazo pia uko upande wetu kwa kiasi fulani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kireno hufanya vivyo hivyo kwa maneno yanayoishia na a, e au o, hata yakiongezwa s. Yanayoishia na r, l, z, i au u huweka mkazo mwishoni: falar, hotel, arroz. Neno likivunja utaratibu huo huwekewa alama juu ya irabu, kwa hiyo alama hizo si mapambo. Coco ni nazi, mkazo mwanzoni. Cocô ni kinyesi, mkazo mwishoni. Ufukweni Brazili watu huagiza água de coco kutwa nzima, na wauzaji wamekwisha kusikia kila aina ya mkazo.

Kinachotushinda ni sauti za puani. Pão (mkate), não (hapana), estação (stesheni): pumzi ipite puani wakati ule ule irabu inapotoka, na usimalizie kwa n wala m. Ukiitamka pão bila pua unapata pau, kijiti, ambalo Brazili mtaani lina maana nyingine isiyosemwa mbele ya wakwe. Zoezi ninalolitoa ni kubana pua kwa vidole huku ukisema pão: ukihisi mtetemo kwenye pua, uko sawa.

Ugumu mwingine uko hasa Ureno. Wareno humeza irabu zisizo na mkazo, hasa e. Pequeno husikika "p'kenu", telefone inabaki karibu na konsonanti tupu, na s ya mwisho wa silabi hugeuka sh: dois ni "doish", três ni "tresh". Se faz favor husemwa kwa pumzi moja, "s'fash-favor". Brazili irabu zinatoka wazi zaidi, ila ti na di katika sehemu kubwa ya nchi huwa "chi" na "ji": bom dia ni "bon jia", boa noite ni "boa noichi". Ndiyo maana mtu aliyejifunza kwa tamthilia za Kibrazili akitua Lisbon huhisi wanazungumza lugha nyingine. Wao wanamwelewa yeye bila taabu. Ni yeye ambaye hawaelewi.

Kuhusu adabu, nitagusa mambo mawili. Obrigado husemwa na mwanamume, obrigada na mwanamke, bila kujali anashukuriwa nani. Hilo ni jepesi. Gumu ni neno la "wewe". Brazili você ni la kawaida kwa karibu kila mtu, na mzee unamwita o senhor au a senhora. Ureno você linaweza kusikika kavu, hata la dharau, ukimwambia mtu mzima usiyemjua. Na tu ni la marafiki, jamaa na watoto. Njia salama kila mahali ni kuacha kiwakilishi na kubakiza kitenzi peke yake: Pode repetir? (unaweza kurudia?) Tem troco? (una chenji?) Fala inglês? (unazungumza Kiingereza?) Hakuna atakayekuona huna heshima. Maputo utasikia watu wakiitana mano, mana, papá, mamã (kaka, dada, baba, mama) hata wasipokuwa ndugu, na kumwita muuza matunda mamã kunafungua mlango haraka kuliko a senhora.

Nimeacha jambo linalotuhusu sisi hasa, ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa wasemaji wa lugha nyingine haviwezi kulitaja. Ni siku na saa.

Kireno huzipa siku namba kama sisi, ila hesabu yake huanzia Jumapili, yetu Jumamosi. Segunda-feira, "ya pili", ni Jumatatu. Terça-feira, "ya tatu", ni Jumanne. Quarta-feira, "ya nne", ni Jumatano. Quinta-feira ni Alhamisi na sexta-feira ni Ijumaa. Sábado na domingo hazina namba. Mwanafunzi anayejua kwamba terça inatokana na tatu ndiye hasa anayepotea, maana akili yake inakimbilia Jumatatu. Kwenye milango ya maduka huandikwa kwa mkato, 2ª a 6ª, yaani Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiona Encerrado à 2ª kwenye jumba la makumbusho, na Ureno mengi hufungwa siku hiyo, usije Jumatatu.

Saa nazo zinatofautiana kwa sita. Treni ya às sete da manhã inaondoka saa moja asubuhi. Às oito e meia ni saa mbili na nusu. Kwenye stesheni wanatumia saa ishirini na nne, kwa hiyo 19h15 hutangazwa dezanove e quinze Ureno, dezenove e quinze Brazili, nayo ni saa moja na robo jioni. Sasa weka pamoja: umeambiwa terça, às sete. Akili iliyochoka inaandika Jumatatu saa saba, na zote mbili si kweli. Ushauri wangu ni kutofasiri kabisa. Ukisikia sete, andika 7. Ukisikia terça, tafuta safu ya Jumanne kwenye kalenda ya simu. Kiswahili kitafuata baadaye ukiwa umetulia na tiketi mkononi.

Namba zenyewe zina jozi zinazochanganya: três na treze (3 na 13), dois na doze (2 na 12), na iliyo mbaya zaidi, sessenta na setenta (60 na 70). Brazili wakitaja namba ya simu, 6 huitwa meia, nusu, kwa maana ya nusu dazeni, na mgeni hubaki anasubiri tarakimu ambayo imekwisha kutajwa. Dawa ni sentensi moja: Pode escrever, por favor? Unaweza kuandika? Naithamini kuliko bom dia. Mwenzake ni Mais devagar, por favor, polepole zaidi. Ukitaka kusema hujaelewa, não entendo inafaa kote, ingawa Ureno utasikia zaidi não percebo.

Mengine nayataja kwa haraka. Mlangoni, Puxe ni vuta na Empurre ni sukuma. Tahadhari, puxe hutamkwa karibu sana na neno la Kiingereza la kusukuma. Asiyekula nguruwe aseme Não como carne de porco na aulize Tem porco?, hata kwa supu: caldo verde ya Ureno inaonekana ya mboga tupu, lakini kwa kawaida huwekwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Ukiumwa, gusa panapouma na useme Dói aqui. Ya dharura Ureno ni 112. Brazili polisi ni 190, gari la wagonjwa 192, zimamoto 193.

Namna ya kufanya mazoezi: mpe rafiki karatasi yenye majibu, si maswali. Wewe uliza Quanto é?, yeye achague jibu lolote na alisome kwa kasi bila kukuonyesha, nawe uandike tarakimu unayoisikia. Ukipata sessenta e sete (67) na setenta e seis (76) mara tano mfululizo bila kuchanganya, hamieni kwenye siku na saa.