Spider-Man hakuanzia kwenye jarida lake mwenyewe

Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba Spider-Man alizaliwa katika toleo la kwanza la "The Amazing Spider-Man", si kweli. Toleo hilo ni la Machi 1963. Alishatokea Agosti 1962, kwa kurasa 11 tu, ndani ya "Amazing Fantasy" namba 15, jarida la katuni la hadithi fupi mchanganyiko lililokoma na toleo hilohilo. Linganisha tarehe zilizochapwa kwenye matoleo yote mawili.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani namba 15 haionekani kama mwanzo wa mhusika; ilirithiwa kutoka majina ya awali ya "Amazing Fantasy". Jarida hilo lilianza 1961 kwa jina la "Amazing Adventures", likawa "Amazing Adult Fantasy", na jina la mwisho likadumu toleo moja. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole.