Kofi Moja Kabla ya Mechi: Kumuaga Mhariri Wetu wa Video

Kila mashindano yakikaribia kuanza, mhariri wetu husimama mbele ya kamera, akahakikisha simu iliyo upande wa watazamaji nayo inamwona, kisha akapiga kofi moja kubwa. Wageni hudhani anawanyamazisha watu. Sisi wenyeji tunajua anajiwekea alama. Akifika nyumbani na rekodi tatu zilizowashwa kwa nyakati tofauti, hukitafuta kile kishindo katika kila moja, akazipanga zianzie hapo, na sauti ikaoana na picha.

Mwisho wa mwezi huu anahamia Nairobi. Amepata kazi ya uhariri katika kituo cha televisheni, kazi ya zamu, wikendi zikiwemo. Ni riziki njema na tumefurahi naye. Ila mimi ninayeshughulikia mitambo ya kurekodi katika kikundi chetu cha Tekken, gemu ya video ya kupigana ana kwa ana, hapa Mombasa ningependa watu waelewe alichokuwa akikifanya, maana wengi wanaamini kuhariri mechi ni kukata vipande vya makonde na kuvitia muziki.

Tekken huenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kila sekunde. Ngumi nyepesi kabisa hufika katika fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Mchezaji anayetaka kujua kwa nini alipigwa huisimamisha video na kuisogeza picha moja moja. Ukimpa video ya fremu 30 umeshatupa nusu ya picha, na huenda ile anayoitafuta ni miongoni mwa ulizotupa. Ndiyo maana mhariri wetu alikataa katakata kupunguza fremu hata faili zilipotulemea. Nasi tunarekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde: saa moja hula gigabaiti 22 na nusu, na mashindano ya saa nane hufika gigabaiti 180. Hizo huwezi kuzituma kwa bando la simu. Usiku ule ule alitia diski mkobani, akapanda matatu, na mkoba akaupakata mapajani mpaka kwake.

Somo la faili tulilipata kwa uchungu. Stima ilipotea katikati ya nusu fainali, na mimi nilikuwa nimeiweka OBS, programu yetu ya kurekodi, irekodi kwa faili ya aina ya MP4. Faili ya kawaida ya aina hiyo huandikiwa maelezo yake ya msingi mwishoni, unaposimamisha kurekodi. Ikikatizwa kabla ya hapo, inabaki nzito vile vile lakini haifunguki. Vijana wawili walikuwa wamecheza mechi bora kuliko zote walizowahi kucheza, na haikubaki hata picha moja. Hakunilaumu. Taa ziliporudi aliketi nami, akanionyesha namna ya kurekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili, ambayo hujiandika kidogo kidogo, kwa hiyo umeme ukienda unapoteza sekunde chache tu. Vilevile alinionyesha kutenga sauti: maikrofoni ya mtangazaji peke yake, sauti ya gemu peke yake, ukumbi peke yake. Ukizichanganya tangu mwanzo, hakuna wa kuzitenganisha baadaye. Simu nayo ina hila yake. Idadi ya fremu zake hupanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika, hivyo rekodi iliyoanza sawasawa huachana na sauti polepole, na kufikia saa ya pili mtu anashangilia kabla ya pigo. Yeye huigeuza kwanza iwe na fremu zisizobadilika, ndipo aanze kazi.

Hayo yote yanafundishika. Gumu ni kujua pa kutokukata.

Kuna fainali moja ambayo wachezaji wote wawili walikaribia kuisha damu, yaani ule uhai unaoonyeshwa juu ya skrini, kisha wakaanza kusogea na kurudi nyuma, kusogea na kurudi, pasipo mtu kupiga. Zilipita kama sekunde kumi na mbili. Nilimwambia azikate, watazamaji watachoka. Akakataa. Nikamshikilia, nikasema video imechelewa na watu wanauliza. Akaniketisha mbele ya kompyuta, akanifungulia ile mechi ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya mwaka 2004 kule California, Daigo Umehara na Justin Wong, kwenye gemu ya Street Fighter III: 3rd Strike. Akazima sauti.

Wanaoijua wanaijua. Daigo amebakiwa na chembe ya uhai, na hata akijikinga, kinga yenyewe itammaliza, kwa sababu shambulio maalumu hukwangua uhai kidogo hata likizuiwa. Justin anaachilia mateke 15 ya Chun-Li, mpiganaji anayemchezesha. Daigo anayapangua yote kwa kusukuma mkono wa kuchezea mbele kwa wakati wake barabara, teke baada ya teke, kisha anamaliza raundi. Bila sauti niliona ni ufundi mkubwa. Alipoirudia kwa sauti, nilimsikia mtu akimhimiza Justin, halafu ukumbi ukaanza kupanda kabla mateke hayajaisha, mpaka ukalipuka. Aliniuliza: ule mlio ungetoka wapi kama mtu angekata kimya kilichotangulia? Akaniambia pia kwamba namba 37 ambayo tukio hilo hujulikana kwayo haikuhesabiwa na yeyote. Ilibuniwa na aliyeitengeneza video hiyo. Na Daigo hakulitwaa taji mwaka ule, alishindwa fainali. Lakini kinachokumbukwa na watu ni ile raundi.

Zile sekunde kumi na mbili zikabaki. Nimeitazama tena wiki hii. Katika sekunde ya saba mmoja wao anaacha kurudi nyuma kwa hatua moja tu, na mwenzake anaiamini hatua hiyo. Pigo lililomaliza mechi lilianzia hapo. Kama ningesikilizwa, tungebaki na konde lisilo na sababu.

Aliliona kwa kuwa anawajua wachezaji. Anajua nani hunyamaza anapotega, na nani hucheka akiwa na hofu. Kijana aliyeshindwa na kulengwa na machozi hajapata kuonekana uso wake katika video yetu hata moja, na wale wa shule hakuwaweka mpaka azungumze na wazazi wao. Hilo hatukumwagiza, na programu yoyote haimfundishi mtu.

Alipenda sana kumtaja Arslan Ash, mchezaji wa Tekken wa Pakistan, aliyeshinda Evo Japan mwaka 2019 na mwaka huo huo akashinda Evo ya Las Vegas, dunia ikashangaa ametoka wapi, naye akasema kwao wako wakali wengine. “Hao walikuwa wakicheza siku zote,” angesema mhariri wetu, “ila hakukuwa na wa kuwatazama.” Kwa ajili hiyo hafuti rekodi, hata za raundi ya kwanza zenye wachezaji wanaojikwaa.

Amenikabidhi diski nne na daftari lenye tarehe, majina ya wachezaji na dakika za kila tukio, kwa mwandiko wake uliobanana. Nimeanza kuzisoma. Pembeni mwa mechi moja ameandika, “Usiguse hapa, sikiliza kiti.” Nikasikiliza: ni kiti kinachosukumwa nyuma, mtu ameinuka kabla ya wenzake wote.

Ndugu yetu, nenda salama. Kwa ile fainali niliyokupigia simu asubuhi na jioni nikikuharakisha, niwie radhi, na kama kuna jingine lililokukera kwetu, tusamehe sote. Wale vijana wawili wa nusu fainali iliyopotea wamesema wataicheza tena siku utakapokuja likizo. Mitambo nitaiandaa mimi. Kofi utalipiga wewe.