Kwa nini sifa za mpinzani hungoja msiba

Katika mafunzo ya madiwani niliyoendesha, tulipofika kwenye usimamizi wa miradi niliuliza swali dogo: nani atataja jambo moja jema alilofanya mtangulizi wake wa chama kingine? Ukumbi ukanyamaza. Wakati wa chai diwani mmoja alinivuta kando, akaniambia zahanati ya kata yake ilijengwa na mtangulizi wake hadi kwenye linta. Yeye amepaua na kupiga lipu. "Lakini nikiyasema haya mle ndani, Mwalimu, jioni nina kesi." Akanionyesha kwa macho simu ya mwenzake iliyokuwa ikirekodi tangu asubuhi.

Wananchi wengi hudhani ukimya huu ni chuki. Chuki ipo, sikatai, lakini kwa niliyoyaona, mara nyingi ni hesabu ya mtu anayelinda kiti chake.

Kiti chenyewe kimefungwa kwenye kadi ya chama. Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na kwa Ibara ya 71, akiacha kuwa mwanachama wa chama hicho ubunge wake unakoma. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, iliona katazo hilo linavunja haki. Kenya nako, kifungu kimoja cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 kinasema mwanachama anayeendeleza itikadi, maslahi au sera za chama kingine anaweza kuhesabiwa kuwa amejiuzulu chama chake. Shabaha ya kifungu hicho ni kuzuia watu kuwa na mguu huku na mguu kule. Lakini mbunge anayesimama jukwaani, nani atamhakikishia kwamba kusifu barabara ya wapinzani hakutaitwa kuendeleza sera zao?

Kwa Tanzania kuna jeraha jingine, nalo ni la lugha. Kuanzia mwaka 2017 wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walijiuzulu na kuhamia chama tawala, CCM, wakisema wanakwenda "kuunga mkono juhudi" za Rais John Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni, aliyekuwa CUF, na Dk. Godwin Mollel wa Siha, aliyekuwa CHADEMA, waliachia viti Desemba 2017, na Februari 2018 wakavirudia kwa tiketi ya CCM. Januari mwaka huohuo Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetoka CCM, akiwa bado CHADEMA, alikwenda Ikulu na kutoka akimpongeza Rais. Chama chake kikajitenga na kauli ile, na Machi 2019 akarejea CCM. Tangu hapo neno la pongezi limekuwa kama mzigo uliokwisha kufungwa mlangoni: anayelisikia huuliza tu safari ni lini. Hata mtu asiye na nia ya kuhama hulikwepa. Naliona hili kuwa hasara kubwa, kwa sababu tumepoteza namna ya kusema "hapa umefanya vizuri" pasipo kuonekana tumenunuliwa.

Kisha kuna kura za maoni za ndani ya vyama. Kabla ya kukutana na mpiga kura, mgombea hupita kwanza kwa wajumbe wa chama chake, na hao ndio wenye uchungu zaidi na chama. Hotuba ya nusu saa iliyojaa ukosoaji hukatwa ikabaki sekunde kumi za sifa, zikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la wajumbe, na jina likaishia hapo.

Msibani hesabu hii hufutika, kwa sababu marehemu hagombei. Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani Zanzibar, alipofariki Februari 2021, viongozi wa CCM walimtaja kama mtu wa maridhiano. Zanzibar lakini ilishaonyesha kwamba ndimi zinaweza kulegea watu wakiwa hai. Novemba 2009 Maalim Seif na Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, walikutana, na kura ya maoni ya wananchi ya Julai 2010 ikaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambamo kila upande ulipata fungu la kazi na la sifa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, maneno makali yalirudi. Kanuni husaidia, ila zikikosa imani hazidumu.

Anayelipa gharama ni mwananchi. Jengo lisilotajwa mwanzilishi wake ni rahisi kuachwa liote nyasi, na mgeni akaanza lake jipya ili apate jiwe la uzinduzi lenye jina lake.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Diwani akihudhuria, nyoosha mkono, utaje mradi kwa jina, kisha uulize: ulianza lini, uliachwa umefikia wapi, na wewe umeongeza nini? Atalazimika kumtaja mtangulizi wake, na akirudi kwa wajumbe atakuwa na la kusema: niliulizwa, nikajibu.