Eti Malindi ndo iliisaliti pwani?

Hii stori imezoeleka, ukikaa baraza yoyote hapa Malindi kahawa ikizunguka na mtu wa Mombasa akiwepo, utaskia tu: nyinyi ndo mlowafungulia Wareno mlango. Wengi tumekua nayo, na si ajabu, maana ule mnara wa msalaba uko palepale kwenye rasi unatazama bahari.

Ila 1498, Vasco da Gama na Wareno wake walipofika Malindi, hakukua na nchi moja ya kusalitiwa. Kila mji ulikua na mfalme wake na ushuru wake, na Malindi iliihofia zaidi Mombasa, jirani mwenye nguvu, kuliko mgeni wa juzi ambae hata hawajamjua vizuri, ikaona bora ishikamane na huyo mgeni. Na hata huo uadui haukua wa kutosemeshana: 1505 Wareno walipoichoma Mombasa, mfalme wa kule alimwandikia mwenzake wa Malindi kumueleza yaliyowapata. Sasa adui gani huyo unampelekea barua? Faida nayo haikudumu, 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome yao ya Fort Jesus kule Mombasa, mfalme wa Malindi akahamia Mombasa, mji wetu ukafifia.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tazama kwanza kalamu ni ya nani, maana habari nyingi za miaka ile ziliandikwa na Wareno na wao walikua na rafiki wa kumsifu. Halafu linganisha na Lamu na Pate, miji jirani ya visiwani nayo ilopigana yenyewe kwa yenyewe mpaka vita vya Shela, pale Lamu, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Na ukikuta "sisi Wapwani", uliza walianza kujiita hivyo lini.