Sekunde 45 za Mita 300: Kasi ya Shindano Katika Mazoezi ya Mita 1500

Mwanariadha wa mita 1500 anayelenga dakika 3 na sekunde 45 hana budi kukimbia kila mita 100 kwa sekunde 15, yaani mita 300 kwa sekunde 45 na mzunguko mzima wa uwanja, mita 400, kwa sekunde 60. Hesabu ni nyepesi, lakini miguu huchelewa kuijua, na ndiyo maana mazoezi mengi ninayofundisha hukimbiwa kwa kasi hiyohiyo ya shindano.

Zoezi ninalolitumia zaidi ni mita 300 mara sita, kila mara ikiwa kipindi kimoja: wakimbiaji huanzia mwanzo wa mnyoosho wa upande wa pili, humalizia kwenye mstari wa mwisho, kisha huizunguka kona taratibu hadi walipoanzia. Siku moja kijana ninayemfundisha aliniletea daftari lake kwa furaha, kwa kuwa wastani wa vipindi vyake ulikuwa sekunde 45 kamili. Nilimwomba anisomee kimoja kimoja, naye akasoma: 42, 43, 44, 46, 47, 48. Hakukuwa na hata kimoja alichokimbia kwa kasi ya shindano lake. Vitatu vya kwanza vilimchosha misuli mapema, na vitatu vya mwisho alivikimbia mabega yakiwa yamepanda na hatua zimefupika, kwa hiyo alichokuwa akizoea ni kukimbia vibaya.

Kinachopaswa kubadilika wiki hadi wiki ni mapumziko. Tunaanza na dakika 3, tunashuka hadi 2, kisha moja na nusu, huku sekunde 45 zikibaki palepale. Mapumziko hayo yakizoeleka, tunarefusha kipindi kufikia mita 400 au 500. Wengi wakihisi wepesi huongeza kasi, na hapo zoezi linageuka kuwa jingine kabisa. Kwa wanaofanya mazoezi Iten, nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, pumzi hurudi polepole kwa sababu oksijeni ni haba, nami naona ni afadhali kuongeza dakika ya kupumzika kuliko kupunguza kasi.

Mtanzania Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, aliongoza tangu mwanzo, kwa wastani wa karibu sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Anayeongoza hana mgongo wa kuufuata. Kasi lazima iwe imo mwilini mwake. Kwa sababu hiyo nimewakataza vijana wangu kuvaa saa siku ya zoezi hili, na kila anayemaliza hutaja muda anaodhani amekimbia kabla sijamsomea wake. Mwenye daftari lile, mwanzoni, alikuwa akikosea kwa sekunde 3. Wiki iliyopita alisema 45; saa yangu ilionyesha 45.3.