Kabla ya fizikia ya mwaka wa kwanza, pita Mwaloni

Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa, vijana hunifuata hapa Mwanza na kitabu kinene cha fizikia mkononi, wakiuliza waanzie sura ya ngapi. Huwa nawaambia wakifunge kwanza. Mekanika (fizikia ya mwendo na kani) ya mwaka wa kwanza haimwangushi mtu kwa kukosa fomula. Fomula anazo tele. Inamwangusha kwa maneno aliyoyazoea vibaya na kwa aljebra iliyoshika kutu.

Tuanze na maneno. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, muuzaji anaweka sato kwenye mizani na kukwambia uzito wake kilo 2. Unalipa, unaondoka. Darasani hizo kilo 2 ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo. Uzito ni kani (force) ambayo dunia inamvuta nayo samaki huyo, na kwa mchapuko wa mvutano wa mita 9.8 kwa sekunde mraba inakuwa newtoni 19.6. Neno linalosumbua zaidi ni "nguvu", maana mtaani linabeba kani, nishati na mengine mengi. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, lakini muda ukikubana kichwa kinarudi kwenye lugha ya nyumbani, pamoja na utata wake.

Halafu vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo. Mtumbwi unatoka Kamanga kuvuka Ghuba ya Mwanza. Tuseme upana ni mita 1,800 (namba nimeitunga ili igawanyike vizuri). Nahodha ameelekeza omo (mbele ya chombo) ng'ambo moja kwa moja, mita 3 kwa sekunde, na upepo unausukuma mtumbwi pembeni mita 1 kwa sekunde. Atavuka kwa muda gani? Wengi wanakimbilia Pythagoras, wanapata 3.16, wanagawanya: sekunde 569. Hapana. Ni 600, kama vile upepo haupo, ila atafika mita 600 kando ya alipokusudia. Hiyo 3.16 ni kasi ya kweli kabisa, lakini njia nayo imerefuka hadi mita 1,897 hivi. Aliyechora mishale miwili kabla ya kushika kikokotoo analiona hilo mara moja. Mimi mwenyewe nilikosa swali la namna hii mwaka wangu wa kwanza, na nimekulia ziwani!

Aljebra ifanyie mazoezi kwa herufi tupu, namba ziingie mstari wa mwisho. Ukitafuta muda na vizio (units) vikakupa mita, rudi nyuma. Kalkulasi (calculus) utaipata chuoni. Sasa hivi inatosha kujua mteremko wa grafu unasema nini.

Swali la kujipima: nahodha yule yule anataka kufika mkabala hasa na alipotoka. Aelekeze omo pembe gani dhidi ya upepo? Ni nyuzi 19.5, na safari itachukua sekunde 636 hivi. Kikokotoo chako kikitoa 0.34, kiko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, si nyuzi.